Pipa la Kentucky ndani ya Wiski ya Ireland

Usiku huu kuna glasi mbili mezani: Wild Turkey 101 ya hapa Kentucky, na Redbreast ya miaka 12 kutoka Ireland. Tangu nihamie Lexington napenda kuonja hivi, ya Marekani kando ya ya Ireland, na kila nikionja nazidi kuona kwamba wiski hizi ni ndugu. Kilichozifanya ndugu ni pipa.

Nianze na ya nyumbani, maana Wild Turkey inapikwa Lawrenceburg, karibu nusu saa kwa gari kutoka ninapoishi. Sheria ya Marekani inataka nafaka za burboni, ndiyo wiski ya mahindi kama hii, ziwe mahindi kwa asilimia 51 au zaidi, na pombe ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani. Neno zito hapo ni "kipya". Pipa likishalaza burboni mara moja, halirudi tena kwenye kazi hiyo. Wild Turkey huunguza mapipa yao kwa kiwango cha nne, kikali kweli, mpaka uso wa mbao unapasukapasuka na kuwa mkaa. Kiangazi cha Kentucky kikiwaka, pombe inajipenyeza ndani ya mbao. Majira ya baridi yakifika inatoka na utamu wa mwaloni ulioungua. Rangi ile ya kahawia yenye wekundu yote ni ya pipa, kwa sababu burboni hairuhusiwi kutiwa rangi.

Nimeinusa: vanila, ganda la chungwa, sukari iliyoungua. Mdomoni kuna mdalasini na pilipili manga, kazi ya rai, nafaka jamaa ya ngano, iliyochanganywa na mahindi. Kilevi ni asilimia 50.5, kwa hiyo matone machache ya maji yanaisaidia kufunguka. Kwa bei yake, sijaonja burboni inayoizidi. Sielewi kwa nini watu wapange foleni kutwa nzima kutafuta chupa adimu wakati hii ipo rafuni kila siku.

Jirani yangu, mzee wa Uvira kule Kongo, nilimkaribisha wiki iliyopita. Alinusa kwanza, akatulia, kisha akasema: "Mwanangu, hii ni mahindi kabisa. Inanukia sawa kanyanga ya kwetu, lakini hii ililala miaka." Kanyanga ni pombe kali ya kienyeji. Nilifurahi mno. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza burboni vizuri kuliko hivyo.

Sasa Redbreast. Inatoka Midleton, kaunti ya Cork, na ndiyo wiski niipendayo kuliko zote. Ireland wana mtindo wao: kimea cha shayiri kinapikwa pamoja na shayiri mbichi isiyooteshwa, kwenye vyungu vya shaba, na hii hukenekwa, yaani kuchemshwa na mvuke wake kupozwa, mara tatu. Shayiri mbichi ilishika mizizi baada ya kodi ya kimea ya mwaka 1785. Wapishi walipunguza kimea ili walipe kidogo, na kodi ikazaa ladha ambayo hakuna aliyeipanga. Ukishika funda mdomoni unahisi uzito wa mafuta, halafu viungo vinapanda taratibu. Redbreast imelazwa kwenye mapipa ya sheri ya oloroso, mvinyo mkali kutoka Hispania, na mapipa yaliyokwisha kutumika kwa burboni. Sheri imeipa zabibu kavu na njugu. Ila ile vanila ya chini chini, iliyopoa, ninaijua. Ni ileile iliyo kwenye glasi ya kwanza.

Kila nikifika hapo nakumbuka jinsi mtindo huu ulivyokaribia kufa, na inaniuma. Aeneas Coffey, aliyewahi kuwa ofisa wa ushuru hukohuko Ireland, alisajili mwaka 1830 mtambo wa mnara uliokeneka haraka na kwa gharama ndogo. Wakubwa wa Dublin waliukataa, wakisema unatoa pombe isiyo na ladha. Waskoti wakauchukua na kulitwaa soko. Kisha Marekani ikapiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933. Jameson, Powers na wenzao wa Cork waliungana mwaka 1966 ili wasizame, na katika miaka ya 1970 kisiwa kizima kilibaki na viwanda viwili tu, Midleton na Bushmills. Fikiria nchi iliyowahi kuongoza dunia kwa wiski. Binafsi nadhani watu wa Dublin walikuwa na haki kuhusu ladha, hata kama biashara iliwaadhibu.

Jameson ya kawaida ni nyepesi na tamu, inafaa kwa anayeanza, lakini mimi hainishiki tena. Maker's Mark, ambayo badala ya rai hutumia ngano, ni laini na ya kirafiki. Naiweka kwa ajili ya wageni. Bushmills ya miaka 10, ya kimea kitupu, ina asali na matunda mabichi, na inastahili jioni yake peke yake.

Mwezi ujao nataka Powers John's Lane, ya Midleton vilevile, yenye asilimia 46. Nitaiweka kando ya Four Roses, nayo ya Lawrenceburg, na mzee wa Uvira ameshasema anakuja na samaki.