Saa saba usiku na kosa ni la dada yangu

Kanitumia klipu ya fainali ya Eurovision 2017, ile ya Kyiv. Nikasema naangalia moja tu. Jamani nimemaliza shoo nzima na kesho kazini.

Kwa asiyeijua, ni yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya (na Australia nao wamo, msiniulize). Moshi, mataa, madansa, kelele.

Sasa katikati ya vurugu zote hizo anatokea Salvador Sobral wa Ureno, koti limempwaya, hana dansa hata mmoja, kasimama kwenye kijukwaa katikati ya watu anaimba Kireno taratiiibu, vidole vinacheza hewani kama anaongea na mtu sisi hatumuoni.

Wimbo kautunga dada yake, Luísa. Na kwa vile jamaa alikuwa mgonjwa wa moyo, mazoezi ya mwanzo kule Kyiv dada mtu ndo alisimama badala yake. Desemba mwaka huohuo akawekewa moyo mwingine.

Akashinda, pointi 758! Ureno walianza kushiriki 1964 na mpaka usiku ule walikuwa hawajawahi kushinda hata mara moja.

Ila kilichoniliza siyo pointi. Ni pale mshindi anaporudi kuimba tena, akamwita dada yake juu, wakawa wanapokezana mistari, yeye anamwangalia tu dada anavyoimba, kama vile ukumbi wote umeondoka wamebaki sebuleni kwao.

Nimerudia hapo mara nne. Dada nimemjibu "umeniweza" akatuma emoji ya kucheka, mshenzi.

Haya nyie, shindano gani la muziki liliwahi kuwaliza? Nisilie peke yangu 😭