Fidia ya wanaopisha mgodi: inapoharibikia

Ugomvi mwingi wa migodi Tanzania huanzia kwenye fomu ya uthamini. Kanuni za fidia ya ardhi za 2001 haziishii kwenye bei ya shamba na nyumba. Kuna posho ya usumbufu, posho ya makazi ya miezi 36, na usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20.

Hata hivyo mtu huumia, kwa sababu mthamini hukata uchakavu. Nyumba kuukuu ya tofali za udongo hupata pesa isiyotosha kujengea nyingine. Kiwango cha 5 cha IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, kinataka gharama ya kujenga upya bila kukata uchakavu. Tofauti hiyo ailipe mwenye mgodi.

Malipo yasicheleweshwe. Baada ya uthamini watu hukatazwa kujenga au kupanda cha kudumu. Paa linavuja hivyo hivyo, na tegesha, yaani vibanda na mimea ya haraka inayowekwa ili kuvuna fidia, zinaota kama uyoga. Watu wa Nyamongo, kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, wanalijua hilo. Kwangu mimi, wa kulaumiwa kwanza ni aliyechelewesha.

Mke naye asaini, na nakala ya fomu ibaki nyumbani. Malalamiko ya mdomo yapokelewe, yapewe namba, na asiwepo wa kulazimishwa kusaini kwamba hatakwenda mahakamani.