Chombo kikizama: ndugu atafutwe vipi

Jina kukosekana kwenye orodha ya abiria si ushahidi kwamba ndugu yenu hakupanda. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Hata penye orodha, tiketi huenda imekatwa kwa jina la mwingine, na mtoto wa kupakatwa haandikwi. Muulizeni kwanza aliyemsindikiza bandarini.

Andikeni karatasi moja: majina yake yote na la utani, umri, urefu, nguo alizovaa, pete, makovu ya upasuaji, mapengo. Picha nzuri ni ile anayocheka, meno yaonekane. Msemaji awe mmoja na namba ya simu moja. Ndugu watano wakitoa taarifa kila mmoja kivyake, mtu mmoja huandikwa mara tatu kwa majina matatu.

Kisha gawaneni. Wodi zitangulie, mochwari baadaye, maana majeruhi aliyezirai na mtoto asiyejua kusema jina lake hulazwa bila jina. Wengine huokolewa na wavuvi wakahifadhiwa majumbani, kwa hiyo masheha na wenyeviti wa vijiji waulizwe mapema. Spice Islander ilizama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba. Huo ni wakati wa kusi, upepo utokao kusini, na mkondo huelekea kaskazini. Katika hali kama hiyo ulizeni Pemba, Tanga na pwani ya Kenya, si bandari aliyotoka tu. Msalaba Mwekundu nao wana huduma ya kutafuta ndugu waliopoteana, bila malipo.

Msikate tamaa haraka. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, na siku mbili baadaye fundi wa injini alitolewa humo akiwa hai.

Panapoharibika zaidi ni kwenye utambuzi. Katika maji ya joto uso huvimba na kubadilika ndani ya siku chache, na familia yenye uchungu huona inachotaka kuona. Ikichukua mwili usio wake, familia ya pili nayo hubaki ikitafuta mtu aliyekwisha kuzikwa. Tegemeeni alama za vidole, meno na vinasaba (DNA). Sampuli bora za vinasaba ni za wazazi au watoto wake wa kuwazaa. Ya binamu haisaidii sana. Mswaki wake msiuoshe. Uacheni ukauke, utiwe kwenye bahasha ya karatasi, kwani unyevu wa mfuko wa plastiki huharibu vinasaba. Tanzania Bara vipimo hivyo hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali.

Mazishi ya pamoja huja upesi, kama yale ya Igoma baada ya MV Bukoba. Kabla mwili usiotambuliwa haujazikwa, ombeni upigwe picha, uchukuliwe sampuli, upewe namba, na namba hiyo hiyo iwekwe kaburini. Bila namba, jibu la vinasaba likija baadaye hakuna wa kuonyesha ni kaburi lipi.