Siku moja maishani mwangu: nachora vichujio vya mwanga Katuba, Lubumbashi

Saa 10 alfajiri nipo macho, kwa sababu ndipo umeme wa Lubumbashi unapokuwa na nguvu kwetu. Nachaji betri, naanzisha hesabu za jana kwenye kompyuta. Chai, watoto, shule.

Saa 2 Papa wa nyumba ya pili akaja na ruta yake. "Mama injinia, intaneti inasuasua." Nikamweleza kazi yangu: uzi mmoja wa faiba unabeba rangi nyingi za mwanga ambazo jicho halizioni, kila rangi na ujumbe wake, zimeachana nanomita 0.8 tu za urefu wa wimbi. Mimi nachora mlango wa kutoa rangi moja, na mlango huo lazima uweze kuhamia rangi nyingine. Akaitikia vizuri, akaiacha ruta mezani.

Saa 4 mteja wa Ulaya akaandika: sasa anataka kichujio kimoja cha bendi nzima, yaani safu yote ya rangi hizo, nanomita 1530 hadi 1565. Mstari mmoja, na kazi yangu ya wiki 3 ikaanguka. Niliumia. Mlango wangu ni pete ya silikoni yenye nusu kipenyo cha mikromita 10, nyembamba kuliko unywele, na inachagua tena rangi nyingine kila baada ya nanomita 9 hivi. Kwenye bendi ya nanomita 35 ingetoa rangi tatu au nne kwa pamoja. Dawa ni pete ya pili, ukubwa tofauti kidogo, ili mwanga upite pale tu zote mbili zinapokubaliana.

Lakini pete husogezwa kwa joto. Digrii 1 ni nanomita 0.07 hivi, kwa hiyo kuhama kutoka rangi moja hadi ya jirani kunataka karibu digrii 11. Ukipasha ya kwanza, joto linavuja, ya pili nayo inasogea. Nikazitenganisha mikromita 50, nikahesabu. Themanini, nikahesabu. Umeme ukaenda, betri ikabeba. Nikachora mfereji wa hewa kati yao, nikahesabu tena. Bukari na sombe vikapoa pembeni, mgongo ukawaka, watoto wakarudi, nikawajibu bila kugeuka.

Giza lilikuwa limeshaingia nilipopasha pete ya kwanza kwenye kompyuta na mstari wa pete ya pili ukabaki palepale kwenye grafu. Nilisimama. Nikamwita mdogo aone.

"Ni rangi gani hiyo, mama?"

"Haionekani. Lakini ipo, na imepita peke yake."

Kisha nikaifungua ruta ya Papa. Waya ulikuwa umelegea. Nikaukaza, nikampelekea kabla hajalala.