Daftari la korosho, upande wa nyuma

Mume wangu alifariki mwishoni mwa Juni, wakati huku Mtwara watu wanaanza kupulizia mikorosho salfa. Nilikaa eda nyumbani kwetu Mikindani, miezi 4 na siku 10. Wanawake walikuja, wakakaa nami mkekani, wakaniambia nivute subira, kazi ya Mungu haina makosa. Nikaitikia. Ila kilichonikaba rohoni hakikuwa msiba peke yake. Nilikuwa na hasira na marehemu, na hasira ya namna hiyo mjane hana pa kuipeleka.

Baada ya arobaini alikuja mtu, kwa adabu kabisa, kuulizia korosho zake. Ndipo nilipojua kwamba mume wangu alikwisha kuuza kangomba, yaani kwa mlanguzi, nje ya mfumo rasmi: magunia 6 ya msimu ule, fedha kachukua kabla hata mikorosho haijatoa maua. Miaka 17 ya ndoa, na hakuniambia. Tangu siku ile chakula hakikupita. Watoto wakiniita nilikuwa nawajibu kwa ukali, kisha najificha chumbani.

Binti wa dada yangu, anayesomea ustawi wa jamii, ndiye aliyegundua kuwa nina jambo moyoni. "Mama mdogo," akaniambia, "kama huwezi kulisema, liandike. Dakika 15 kila usiku, siku 4 tu. Usijali mwandiko, wala hakuna atakayesoma."

Daftari lililokuwapo ndani ni la mahesabu ya marehemu. Kurasa za mbele zote ni mwandiko wake: kilo, mifuko ya salfa, ujira wa vibarua wa palizi. Nikaligeuza, nikaanzia nyuma, baada ya sala ya Isha watoto wakishalala.

Usiku wa kwanza niliandika mambo tu: siku aliyoanza kuumwa, gari tuliyokodi, saa aliyokata roho. Usiku wa pili nikaandika uchungu mtupu, "naumia, naumia," ukurasa mzima, na sikulala hadi alfajiri. Asubuhi nikampigia yule binti kumwambia naacha.

Akanisihi nisikilize kwanza. Mwaka 1986 watafiti wawili wa saikolojia wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha jaribio la wanafunzi wa chuo walioandika hivyo hivyo, dakika 15 kwa siku 4. Mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, kama mimi. Lakini walioandika tukio pamoja na walivyolihisi, vyote viwili, miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. "Wewe umeandika kimoja kimoja," akasema. "Vichanganye."

Usiku wa tatu nikaandika kama ninayesema naye. *Baba watoto, siku ile uliporudi na unga na viatu vya shule, nilikuuliza fedha umetoa wapi, ukanyamaza. Uliniona mtu wa kufichwa?* Nikaendelea hivyo, jambo na uchungu wake, jambo na uchungu wake, mpaka nikafika jioni moja niliyokuwa nimeisahau kabisa. Nilikuwa jikoni nachemsha ming'oko, akasimama mlangoni akasema, "Mama watoto, kuna jambo." Nikamjibu ningojee nimalize. Hakurudia tena, wala mimi sikumuuliza.

Kalamu ikanidondoka. Nililia usiku ule kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na kilio kile hakikuwa cha hasira.

Sikuishia siku 4. Niliandika karibu kila usiku hadi eda ikaisha, usiku mwingine mistari miwili tu. Hasira haikuondoka yote; kuna kurasa za Septemba zenye maneno makali kuliko yale ya mwanzo. Lakini nilianza kula, na watoto wakarudi kulala chumbani kwangu. Kwa mjane mwenzangu anayesoma hapa: ukiona kila ukiandika unazama tu, siku hadi siku, funga daftari umtafute mtu wa kukaa naye, au nenda hospitali. Mimi nilikuwa na binti wa kumpigia simu asubuhi.

Nilitoka eda Novemba, korosho zinaanguka. Nikaenda shambani, njia ya Naliendele, kuokota na watoto. Magunia 6 ya kwanza nikampa mwenyewe, akaondoka nayo. La saba nikalipima, nikafungua daftari upande wa mbele, nikaandika kilo zake chini ya mstari wa mwisho wa marehemu.