Salio la benki si jibu

Viongozi wa vyama vidogo visivyotafuta faida, nikishafungua vitabu vyao vya hesabu, huniuliza jambo lile lile: "Kwa hiyo tuna kiasi gani?" Jibu wanalo tayari, wamelisoma kwenye taarifa ya benki. Wanataka tu nikubaliane nalo, na mimi sikubali mpaka nijue kila fungu liliingia kwa kazi gani.

Chukua chama chenye 100 benki. Humo, 60 zimetoka kwa mfadhili aliyeandika kwamba ni za vitabu vya wanafunzi, si za kitu kingine. Nyingine 15 ni kodi iliyokatwa kwenye mishahara na bado haijapelekwa. Kumi ni deni la fundi. Pesa ambayo kamati inaweza kuipangia matumizi ni 15 basi. Mwenyekiti aliyeona 100 ataahidi 40 mkutanoni, na atapigiwa makofi.

Hizo za kodi ndizo zinazoniumiza kichwa. Wengi huamini kwamba chama kisichotafuta faida na kodi havijuani. Katika nchi nyingi msamaha huo ni wa mapato ya chama chenyewe, na mara nyingi lazima uombwe. Cheti cha usajili peke yake hakitoshi. Mfanyakazi wa chama ni mlipakodi kama wengine. Kilichokatwa kwenye mshahara wake chama kinakishika tu, hakikimiliki, na kukitumia "kwa muda" ni kujikopesha bila ruhusa.

Mtawa Luca Pacioli alipochapisha kitabu chake cha hesabu kule Venice mwaka 1494, alieleza utaratibu wa wafanyabiashara wa kuandika kila muamala mara mbili, debiti (upande wa kushoto) na krediti (upande wa kulia). Kwa vyama ninaongeza safu moja tu daftarini: mfuko, yaani kazi ambayo pesa hiyo ililetewa. Akaunti ya benki inaweza kubaki moja, isipokuwa mkataba wa ruzuku ukidai vingine. Juu ya kila risiti naandika kwa kalamu jina la mfuko na nani aliidhinisha, kisha naipiga picha siku hiyo hiyo, maana zile risiti za mashine hufifia na mkaguzi akija anakuta karatasi nyeupe.

Ila kuna jambo ambalo safu haiwezi kulitibu, nalo ni michango kupitia akaunti binafsi ya mhazini. Watu hulifanya kwa nia njema, kwa kuwa ni haraka. Lakini ofisa wa kodi akitazama akaunti ile anaona pesa zinaingia kwa jina la mtu, na ni juu ya mtu huyo kuthibitisha kwamba si kipato chake. Mwenzi wake naye hajui kipi ni cha nyumbani. Mhazini akifariki, pesa za chama zinaingia kwenye hesabu ya mirathi, na kamati inakwenda kudai kwa wafiwa ikiwa na picha za ujumbe wa simu.

Kama chama bado hakijapata akaunti yake, kamati iandike muhtasari wa kikao unaomtaja mhazini na akaunti atakayotumia, iwe tupu isiyopitisha mshahara wake, na nakala ya taarifa ya benki isomwe kila mwezi na mjumbe asiyeshika pesa. Nakala nyingine ya muhtasari huo ikae kwa familia yake.