Siku yangu moja: mwinjilisti wa mtaa, mabati na risiti

Nikijitambulisha kuwa ni mwinjilisti wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Iringa, watu wa mjini hudhani kazi yangu ni kushika kipaza sauti. Wakisikia mtaa wetu, yaani tawi letu la usharika, una marafiki Marekani, wanadhani nakula dola. Maneno hayo yananiumiza, ndiyo maana naandika. Hii ni Jumanne iliyopita, Aprili hii ya matope, Kilolo.

Saa 11 alfajiri naamka, nabandika maji, nasoma neno la siku, navaa buti za mvua.

Saa 12 asubuhi niko kwenye ibada ya jumuiya. Jumuiya zetu husali nyumba kwa nyumba kabla watu hawajaenda shambani, na leo ni zamu ya bibi mmoja mjane. Ukungu ni mzito, mlango wake nauona nikiwa nimeshafika uani. "Kamwene, mwinjilisti." "Kamwene, bibi." Ameshatandika mkeka na kuchochea moto tupate joto. Tunaimba, tunasoma, tunawaombea wagonjwa.

Jumapili bibi huyu alileta yai. Kwa asiyejua utaratibu wetu, asiye na fedha huleta alichonacho, na baada ya ibada mzee wa kanisa husimama nje akavinadi: viazi, maharage, kuku, mboga. Yai la bibi lilianza kwa shilingi 300. Mwalimu wa kwaya akalinunua kwa 1,000, akalirudisha linadiwe tena. Mwingine akafanya vilevile, na mwingine, hadi yai moja likaingiza shilingi 6,500. Bibi alikuwa amesimama pembeni na kanga yake mabegani, anasikiliza kila bei inavyotajwa.

Saa 2 nawatembelea wagonjwa wawili na kumkumbusha baba mmoja fomu za shule za mwanawe. Saa 3 napanda gari la Iringa.

Saa 4 na nusu nashuka Ipogolo, napanda daladala kwenda mjini. Nimebeba fedha za mabati.

Dayosisi yetu ina urafiki na Walutheri wa Sinodi ya Saint Paul, jimbo la Minnesota. Ulianza mwaka 1987 na unaitwa Bega kwa Bega, jina la Kiswahili ambalo na wao kule wanalitumia hivyohivyo. Usharika wa huku unaunganishwa na usharika wa kule. Wanatuombea, tunawaombea, wanakuja, tunakwenda, tunasaidiana kusomesha watoto. Katika ujenzi, mtaa wetu una msimamo: kuta ni zetu, bati tunachangia pamoja. Tunajenga chumba cha chekechea na ibada kwenye kitongoji cha ng'ambo ya mto, kwa sababu mvua zikikolea watoto hawavuki. Vijana walifyatua matofali na kuyachoma, akina mama walibeba mchanga na maji kichwani, kuta zikafika kwenye linta. Sasa ni mabati 42 ya geji 28. Sehemu ya fedha imetoka Minnesota, sehemu imetoka kwenye mnada.

Saa 5 kasoro niko dukani. Mabati yapo, bei tumeelewana, nimelipa. Nikamwomba kijana wa dukani risiti ya mashine.

"Mtandao hamna, mtumishi. Nikuandikie ya mkono?"

"Ya mkono siwezi kuipeleka. Nasubiri."

Nikakaa kwenye benchi. Wateja wakaingia, wakachukua misumari, rangi, waya, wakaondoka bila karatasi. Sheria inamtaka muuzaji atoe risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na mnunuzi aidai, lakini ukiidai unaonekana mkorofi. Saa 6 nikauliza tena. "Bado, mtumishi. Ungekuja kesho." Kesho ni nauli nyingine, na nauli hiyo ni viazi vya mtu.

Baadaye kidogo kijana yule akanisogelea, akashusha sauti. "Nikuandikie ya mkono, halafu tuongeze kidogo hapo juu, na wewe upate ya soda. Kwani hela si ya Wazungu? Hao hata EFD hawaijui."

Nilijisikia vibaya sana. Posho yangu ni ndogo na haifiki kila mwezi kwa wakati, hilo silifichi. Nikamwambia, kaka yangu, humo ndani kuna yai. Akanitazama. Nikamweleza habari za bibi. Nikamweleza kwamba Jumapili nitasimama mbele ya mtaa mzima niyasome matumizi yote, na bibi atakuwa benchi la mbele. Hajui kusoma, ila namba anazisikiliza vizuri kuliko sisi tuliosoma. Karatasi ninayomsomea yeye ndiyo inayokwenda kwa mweka hazina wa usharika, na nakala yake ndiyo inayotumwa Minnesota. Hatuna hesabu ya Wazungu na hesabu ya bibi.

Na neno hili la "kanisa la Wazungu" limenichosha. KKKT iliundwa mwaka 1963, makanisa 7 yalipoungana, na mwaka 1977, mkutano ukiwa Dar es Salaam, Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Walutheri wa dunia nzima waliongozwa na mtu wa kwetu. Lakini bado mwinjilisti akishika fedha kijijini, watu wanauliza Mzungu yuko wapi.

Saa 8 kasoro mwenye duka akarudi. Akazima mashine, akaiwasha, ikafanya kazi. Muda wote ule! Risiti ikatoka. Nikaisoma: namba ya mlipakodi ni sahihi, idadi ni sahihi, jina la mnunuzi hakuna. Nikamwomba airudie kwa jina la usharika. Akaguna, akairudia. Nikaenda moja kwa moja kutoa kopi, maana karatasi hizi hufifia. Ukiiacha kwenye mkoba miezi michache, mkaguzi unamkabidhi karatasi nyeupe.

Chai na chapati, basi. Nikapata Fuso linalopanda kuchukua viazi, dereva akakubali kubeba mabati.

Saa sikuangalia tena. Mvua ilitukuta njiani. Udongo wetu mwekundu ukilowa, tairi haishiki kitu. Kwenye mlima wa pili Fuso likaanza kurudi nyuma, utingo akaruka na jiwe. Tukashuka wote kukata majani na kuyatandika chini ya tairi, tukasukuma, likapanda hatua chache, likakwama tena. Mzee mmoja aliyetoka kugema ulanzi, pombe ya mianzi, akaweka kibuyu chake kando ya njia, akasukuma na sisi, naye si mtu wa kanisa lolote. Magoti yangu yalikuwa yanatetemeka. Giza likaingia.

Mtoni gari halivuki. Vijana wa mtaa walikuwa wanatungoja na tochi, hakuna aliyekuwa amewapigia simu kuwahimiza. Wakayavusha mabati wawili wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, maji yakiwafika mapajani, wakiimba pambio ili waende hatua moja. Niliwahesabia hadi la 42. Hakuna lililopinda.

Saa 3 usiku, nikiwa sijavua nguo zenye matope, tukapigiwa simu ya video na marafiki zetu. Kwao ilikuwa saa 7 mchana. Mwalimu wa sekondari hututafsiria. Tukawaonyesha mabati kwa mwanga wa tochi, nikawasomea risiti. Kisha wao wakatoa taarifa yao, na sehemu hii ya kazi watu hawaijui. Usharika wao una ghala la chakula kwa majirani wasio nacho. Mara ya kwanza tulipoambiwa, wengi hapa hawakuamini kwamba Marekani mtu anaweza kukosa chakula. Sasa bibi huwaombea kila Jumanne, majina ya wagonjwa wao tunayo kwenye daftari la jumuiya.

Baraza la wazee lilishaamua kwamba mnada wa Jumapili moja, mahindi mapya yakitoka, uende kwenye ghala lile. Tulipowaambia, mweka hazina wao alinyamaza kidogo, akauliza kama tuna uhakika, na sisi bado tunaezeka.

Mzee wa kanisa akaichukua simu mkononi mwangu. "Sisi tulipokea. Na nyie pokeeni," akasema. "Na risiti mtutumie. Tutaisoma kanisani kama tunavyosoma zetu."

Mwalimu akatafsiri yote, neno kwa neno. Wakakubali.